Mtende wa Trinidad: Wote Hushindana, Wachache Hula

Ndugu msomaji, hakuna siku inayobadilisha sura za watu mtaani kama siku yanapotoka matokeo ya mitihani. Nyumba hii hupikwa biriani na majirani wakaitwa. Nyumba ya pili mlango hurudishwa mapema, na mama akiulizwa husema mtoto ana homa. Wala si homa. Ni kuwa mtoto amepewa nambari, na nambari ile ndiyo imekuwa jina lake.

Mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wengi wetu tulidhani kuwa mambo hayo yamekwisha. Mwanzoni mwa 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wakaingia Gredi ya 10, na tukawaona wazee wale wale wakiwa na wasiwasi ule ule. Amepangiwa skuli gani? Skuli hiyo ina jina au haina? Ndipo nilipojiuliza: hivi tatizo letu lilikuwa ni mtihani tu, au ni jambo lililo nyuma ya mtihani?

Swali hilo ni gumu kulijibu kwa kujitazama wenyewe, kwani mtu haoni kisogo chake. Kwa hivyo naomba leo tusafiri mbali kidogo, hadi kisiwa cha Trinidad katika bahari ya Karibi, nchi iliyotawaliwa na Mwingereza kama tulivyotawaliwa sisi, ikapata uhuru wake mwaka 1962, mmoja tu kabla ya wetu. Tukasimame mbele ya lango la skuli moja ya serikali na tusome maneno yaliyomo katika nembo yake.

Skuli hiyo yaitwa Queen's Royal College, nayo iko katika mji mkuu wa Port of Spain. Wito wake ni wa Kilatini, na maana yake kwa lugha yetu ni hii: wote hushindana, lakini si wote wapatao mtende. Mtende unaokusudiwa hapo ni lile kuti ambalo Warumi wa kale walikuwa wakimpa mshindi wa michezo alishike mkononi, watu wote wamwone. Kijana anayeingia skuli ile huambiwa mapema, kabla hajafungua daftari, kwamba wenzake wengi watatoka jasho bure.

Nilipoijua maana ya maneno hayo mara ya kwanza nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Sisi watu wa pwani, na Waislamu hasa, twaujua mtende kwa njia nyingine. Twaujua katika kisa cha Bibi Maryam, amani iwe juu yake, aliposhikwa na uchungu akiwa peke yake, hana mkunga wala jirani, akaamrishwa autikise mti, na tende mbivu zikamwangukia. Hakuwa ameshindana na mtu yeyote. Alikuwa na haja, akapewa. Basi kuna mtende wa Warumi na kuna mtende wa Maryam, na mazungumzo yangu ya leo ni juu ya mitende hiyo miwili.

SKULI YENYEWE

Trinidad ni kisiwa kilicho karibu sana na pwani ya Venezuela. Wahispania walikishika mpaka mwaka 1797, Waingereza walipokitwaa. Waafrika waliopelekwa huko kwa minyororo ndio waliolima miwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na ule muda wa kazi ya lazima waliowekewa watumwa ulipomalizika 1838, wenye mashamba wakatafuta mikono mingine, na tangu 1845 hadi 1917 wakaletwa Wahindi kwa mikataba. Wengi wao walikuwa Mabaniani, lakini Waislamu nao walikuwamo. Ndiyo maana hata leo ukienda Trinidad utakuta watu wa asili ya Afrika na watu wa asili ya Uhindi wakikaa bega kwa bega, na Idi el-Fitri ni siku ya mapumziko ya nchi nzima.

Katika nchi kama hiyo, mnamo mwaka 1859, serikali ya kikoloni ilifungua skuli ya sekondari ya wavulana ikaiita Queen's Collegiate School. Mwaka 1870 ikapewa jina ililo nalo hata sasa. Jambo la kuliangalia sana ni kuwa haikuwa skuli ya kanisa. Haikumfundisha mtoto dini ya mtu. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, ambao sisi twawajua kwa misheni yao ya Bagamoyo ya mwaka 1868, walikuwa wamekwisha kufungua yao mjini Port of Spain mwaka 1863, iitwayo St Mary's College. Mwaka 1870 skuli hiyo ya mapadri iliunganishwa na ile ya serikali ili ipate msaada wa fedha, na tangu hapo yakaanza mashindano ya skuli mbili hizo ambayo hayajaisha mpaka leo.

Jengo la skuli ya serikali ni fahari ya mji. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1902, na likafunguliwa Machi 1904. Aliyelichora, Daniel Hahn, alikuwa mwenyewe amesoma katika skuli hiyo, na akalijenga kwa mtindo wa Kijerumani wenye mnara mrefu ulio na saa. Liko ukingoni mwa uwanja mkubwa wa majani uitwao Queen's Park Savannah, nalo ni moja katika majumba saba ya kifahari yaliyopangana upande wa magharibi wa uwanja ule. Mtoto wa mkulima wa miwa akipita barabarani alikuwa akiliona. Kuliona ilikuwa bure. Kuingia ndiko kulikokuwa na bei.

Bei hiyo ilikuwa ada ambayo maskini hakuiweza, isipokuwa mtoto ashinde mtihani wa kupata nafasi ya bure, na nafasi hizo zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Aliyeingia alikaa mbele ya walimu waliotoka Oxford na Cambridge, akasoma historia ya Uingereza na vitabu vya Uingereza. Mwisho akafanya mtihani uliotungwa Cambridge, na karatasi zake zikapakiwa melini zikasahihishwe huko huko. Waliopata alama za juu kupita kisiwa kizima, nao hawakupita vidole vya mkono mmoja, walipewa ufadhili wa kwenda chuo kikuu Uingereza. Huo ndio uliokuwa mtende wenyewe.

VIJANA WATATU

Nitawataja vijana watatu waliopita katika lango lile, kwani habari zao ziko wazi na ulimwengu wawajua.

Wa kwanza ni C. L. R. James, aliyezaliwa mwaka 1901. Baba yake alikuwa mwalimu, akamsomesha nyumbani kwa bidii mpaka akashinda nafasi ya bure akiwa na umri wa miaka 9 tu. Jamaa wote wakaanza kuutazamia ule ufadhili wa Uingereza. Lakini kijana alipoingia skuli akapenda mambo mawili yasiyoulizwa na mtihani: mchezo wa kriketi, na kusoma vitabu kwa raha zake. Mtende ukampita. Kwa macho ya wazee wake alikuwa amepoteza bahati. Baadaye akarudi skuli ile ile akiwa mwalimu, na mwaka 1932 akaenda Uingereza kwa njia yake mwenyewe. Huko ndiko alikoandika kitabu juu ya watumwa wa Haiti waliojikomboa, kilichotoka mwaka 1938 kwa jina la The Black Jacobins. Na Italia ilipoishambulia Uhabeshi mwaka 1935, huyo James alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya London iliyoundwa kuitetea nchi hiyo, na katibu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Kwa hivyo mtu huyu hakuwa mbali na historia yetu.

Wa pili ni Eric Williams, aliyezaliwa mwaka 1911, mtoto wa karani wa posta, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 12. Huyu aliupata mtende. Mwaka 1931 alishinda ufadhili, akaenda Oxford, akasoma historia mpaka shahada ya udaktari mwaka 1938. Mwaka 1944 akatoa kitabu chake, Capitalism and Slavery, akiwaeleza Waingereza kwa hesabu na hati zao wenyewe jinsi mali ya utumwa ilivyochangia kujenga viwanda vyao. Elimu waliyompa ili awatii aliifanya taa ya kumulika walikoficha. Baadaye ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Trinidad na Tobago.

Wa tatu ni V. S. Naipaul, aliyezaliwa mwaka 1932, mtoto wa mwandishi wa gazeti. Yeye pia alishinda ufadhili wa serikali, akaondoka mwaka 1950 kwenda Oxford, na mwaka 2001 akatunukiwa tuzo ya Nobel ya fasihi. Wasomaji wangu wengine watakuwa wamemsoma, na wengine wamemkasirikia, maana kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya nchi za Kiislamu kiliwakera wengi. Hata sisi wa pwani ametugusa: katika riwaya yake A Bend in the River ya mwaka 1979, msimulizi ni Salim, kijana wa ukoo wa Kihindi wa Kiislamu aliyetoka katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Naipaul alikuwa na kalamu kali mno, lakini katika mengi aliyoandika juu ya kisiwa chake mtu huhisi ubaridi wa aliyefundishwa tangu utotoni kuwa kufaulu ni kuondoka.

Na hapo ndipo penye ila. Zawadi ya kijana hodari kuliko wote ilikuwa tikiti ya meli ya kutoka kwao. Mti ulipandwa Trinidad, ukanyweshwa kwa jasho la Trinidad, tende zake zikaliwa Oxford.

Lakini liko jambo jingine katika habari hizi, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Eric Williams alipokuwa mwanafunzi, mmoja wa walimu waliomfundisha pale skuli alikuwa C. L. R. James. Yaani aliyeukosa mtende ndiye aliyemfundisha aliyeupata! Ingekuwaje kama James, baada ya kushindwa, angetupwa nje asionekane tena? Mtihani ulisema hakustahiki. Miaka 50 baadaye watu wa mabara matatu walikuwa wakimfuata kutaka elimu. Alipokufa London mwaka 1989, mwili wake ulirudishwa kuzikwa Tunapuna, kijiji cha utoto wake.

MWANAFUNZI ALIPOSHIKA USUKANI

Williams aliporudi kwao alifanya kazi katika tume moja ya mambo ya Karibi, na mwaka 1955 akaachishwa. Hakukaa kulia. Alikwenda katika bustani ya Woodford Square, katikati ya Port of Spain, akaanza kuwasomesha watu historia na siasa usiku, hadharani, bila ada wala mtihani. Mpagazi alisimama karibu na wakili, mama muuza sokoni karibu na karani. Watu wakapaita mahali pale chuo kikuu. Sisi tungepaita darsa. Ni kama vile shekhe anavyokaa barazani baada ya Magharibi, mwenye elimu na asiyekuwa nayo wakamzunguka, na kila mmoja akaondoka na kiasi alichoweza kubeba. Mwaka 1956 chama chake kikashinda uchaguzi.

Mtu aliyekwea ngazi nyembamba vile angetarajiwa aipanue, naye alijaribu kwa kweli. Mwaka 1960 ada ya sekondari ikaondolewa. Mwaka 1961 ukaletwa mtihani mmoja kwa watoto wote wa msingi, ili mtoto wa karani na mtoto wa tajiri wapimwe kwa pishi moja. Lakini skuli nyingi nzuri zilikuwa za madhehebu, na madhehebu hayakuwa tayari kuachia funguo. Ikabidi pafanywe mapatano, yaliyotangazwa Desemba 1960: serikali italipa, na itachagua wanafunzi kwa alama za mtihani, ila wakuu wa skuli za madhehebu watabakishiwa asilimia 20 ya nafasi wawape wanaowataka wao. Mapatano hayo yangalipo, na kila mwaka yanagombaniwa. Wanaoyatetea husema ndiyo yanayolinda maadili ya skuli zao. Wanaoyapinga husema ni mlango wa nyuma wa wenye majina. Queen's Royal College, kwa kuwa ni ya serikali, haina asilimia hiyo.

Watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Katika miaka ya 1970 zikajengwa skuli za sekondari za ngazi ya chini, zikatumiwa kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine alasiri. Mwaka 2000 nchi ikafika mahali ambapo kila mtoto amalizaye msingi alipewa nafasi ya sekondari, na mwaka 2001 ule mtihani wa zamani ukaondolewa, ukaletwa mwingine uitwao SEA, ambao kazi yake haikuwa tena kumfungia mtoto mlango bali kumpangia mahali.

Msomaji, hebu tazama kama haya si yetu. Sisi pia tangu mwaka 2018 tuliamua kila mtoto aende sekondari. Sisi pia tuliondoa mtihani tukaleta mwingine. Sisi pia tuna skuli zenye majina na zisizokuwa nayo.

Basi je, Trinidad mashindano yaliisha? La hasha. Mtihani ulibadilishwa jina, wazee hawakubadilika mioyo, na hawakosi sababu. Wajua kuwa skuli fulani ina maktaba, maabara, walimu wasiohama hama na wanafunzi wa zamani walio serikalini, na fulani haina. Ndiyo maana watoto wa miaka 10 na 11 hukimbizwa masomo ya ziada ya kulipia baada ya skuli, na hapo mwenye fedha humtangulia asiyekuwa nazo hata kabla karatasi hazijagawiwa. Na jina la skuli nalo halidumu mahali pamoja. Katika miaka ya karibuni, tuzo kubwa za taifa zinapotangazwa, majina yanayosikika zaidi ni ya skuli za madhehebu, si ya ile skuli kongwe ya serikali yenye mnara wa saa.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa katika nia ya Williams. Aliupanua mlango, jambo jema. Lakini ndani ya ua aliuacha mtende ule ule mmoja mrefu, na kando yake vichipukizi visivyonyweshwa maji. Ukiwaambia watu wote waingie bustanini ambamo mti unaozaa ni mmoja, hujaondoa mashindano. Umeongeza washindani.

WAISLAMU WA HUKO

Najua msomaji wangu ataniuliza, na Waislamu walikuwa wapi katika haya yote?

Walikuwa katika tatizo ambalo wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi walilijua vyema. Elimu ya dunia ilikuwa mkononi mwa misheni, na mzee Mwislamu alihofu kumpeleka mwanawe akasome hesabu arudi na dini nyingine. Wahindi wa mashamba ya miwa waliendewa na wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Kanada, waliowafungulia skuli nyingi, na maarufu katika hizo ni Naparima College ya mji wa San Fernando, iliyoanza mwaka 1894. Wako walioingia wakabadili majina. Wako waliokataa kabisa, watoto wao wakabaki mashambani. Na wako walioingia wakatoka na dini yao. Mmoja wao ni Noor Hassanali, aliyesoma Naparima na akafundisha hapo, akawa wakili, kisha jaji, na mwaka 1987 akawa Rais wa Trinidad na Tobago, wa kwanza Mwislamu, akakaa mpaka 1997. Katika nyumba ya Rais hakuandaa ulevi kwa wageni wake, na nchi haikuanguka.

Waislamu wale hawakungoja tu kufunguliwa milango ya wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walipata msaada wa serikali kwa skuli yao ya msingi pale El Socorro, na baadaye jumuiya ya ASJA, iliyoundwa katika miaka ya 1930, ikafungua sekondari za wavulana na za wasichana. Leo skuli hizo zimo katika mapatano ya mwaka 1960 sawasawa na za makanisa.

Hata hivyo mambo hayakunyooka yote. Katika miaka ya 1990 msichana mmoja Mwislamu alifaulu kuingia Holy Name Convent, skuli ya Kikatoliki ya Port of Spain inayosaidiwa na serikali. Alipokuja na hijabu akazuiwa kwa sababu ya sare. Wazee wake wakaenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji akaamua kuwa skuli ilikosea kushikilia kanuni ya sare bila ya kuifikiri hali ya mtoto yule, na uamuzi wa skuli ukatenguliwa. Sisi hapa twakumbuka kesi ya skuli ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa: Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki ya hijabu mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mtoto huambiwa ashindane, akishinda akaambiwa aliache nje ya lango lile alilokuja nalo. Seuze yule aliyeshindwa!

Na wasichana nawataja kwa makusudi. Kwa muda mrefu mtende wa kisiwa kile ulikuwa wa wavulana, na Queen's Royal College ni ya wavulana hata leo. Baadhi ya skuli za wasichana zilichelewa kuja: Bishop Anstey ya Waanglikana mwaka 1921, na ile ya Wapresbiteri ya St Augustine mwaka 1950. Leo wasichana ni miongoni mwa wanaoongoza katika mitihani ya nchi. Akili hiyo haikuzaliwa juzi. Ilikuwako siku zote, ila haikuhesabiwa.

CHUONI KWETU

Nami nilisoma chuoni kabla ya skuli. Tulikuwa watoto 30 na zaidi katika chumba kimoja, na kila mtu alikuwa mahali pake. Huyu yuko alifu, yule yuko Amma, mwingine yuko Yasini. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja pale alipo. Aliyekuwa mzito alikaa miaka, lakini hakuna siku aliyoambiwa muda wako umekwisha, nenda nyumbani, nafasi imechukuliwa. Alipohitimu aliimbiwa kasida zile zile na akapikiwa bokoboko lile lile alilopikiwa mwepesi. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwako, na wengi tulisoma tusichokifahamu. Nasema tu kuwa hakukuwa na mtoto aliyekatiwa hesabu.

Kisha nikaenda skuli, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikafanya mtihani wa CPE. Alikuwako mwenzangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja, aliyenishinda katika kuhifadhi na katika kutunga. Alikuwa akisikia shairi jioni, asubuhi akalijibu kwa vina vile vile. Kiingereza kikamwangusha. Matokeo yalipobandikwa ukutani alisoma jina lake, akasoma jina langu, akanipa mkono wa hongera, akaenda zake. Hakurudi tena katika darasa lolote. Amefanya kazi bandarini maisha yake, amelea watoto wake kwa heshima, wala hakuniomba nimsikitikie. Lakini kila ninapochapishwa shairi langu gazetini huwa najua kuwa yako mashairi mengine ambayo hayakuandikwa, na nani aliyekuwa ayaandike. Mimi nilipata kuti. Yeye hakuwa na wa kumrudisha skuli kama alivyorudi James.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kupimana. Tabibu atakayetupasua matumbo, nahodha atakayetuvusha, fundi wa kujenga daraja, hao lazima wapimwe wala pasiwe na huruma katika vipimo vyao. Na pasipo mashindano pengine baba yake James asingekesha na mwanawe juu ya vitabu. Lakini kupima ni jambo moja na kutupa ni jingine. Mwuza nafaka hupima mchele ajue kiasi chake. Hamwagi ule uliopungua pishi.

Kwa hivyo naliona funzo la Trinidad kuwa ni hili. Kubadili jina la mtihani hakutoshi, na kufungua milango hakutoshi, maana wao wamefanya yote mawili na bado mtoto wa miaka 11 hukosa usingizi. Lililobaki ni zito zaidi na halina sherehe: kuifanya skuli iliyo karibu na nyumba ya mtoto iwe na mwalimu, kitabu na maabara kama ile ya mbali yenye jina, na kumwekea aliyeanguka njia ya kurudi. Serikali ina sehemu yake kubwa. Nasi tuna yetu, kwani tunachanga kwa wepesi kuongeza minara ya misikiti, na twasuasua tukiombwa kununua vitabu vya skuli ya mtaa ule ule.

Siku matokeo mengine yatakapotoka, tukisikia biriani yanukia nyumba ya jirani, twende tukapongeze, ni haki yao. Kisha tubishe hodi na katika ile nyumba iliyorudisha mlango mapema. Namaliza kwa ubeti mmoja:

Mti tuupande sote, sote tuunyweshe maji,
Kivuli tupate sote, wenyeji na wapitaji,
Tende zigawiwe zote, tajiri na mhitaji,
Asiwepo mchumaji, wa kurudi kapu tupu.